Nguzo ya Wanawake na Swali la Koko



Jumamosi moja mwezi wa tano, sisi wa ushirika wa akina mama tulipanda pendeltåg hapa Jakobsberg tukaenda mjini kutazama sanamu. Tulikuwa tisa. Nilikuwa nimewaahidi tangu wakati wa theluji, na kila mara zamu zangu za kazini ziliharibu mpango. Safari hii niliomba ruhusa mapema.

Kabla hatujaondoka, mzee mmoja wa kanisa, ambaye namheshimu kama kaka yangu mkubwa, aliniuliza kwa utani uliokuwa na ukweli ndani yake: "Dada, unawapeleka mama zetu kwenye sanamu? Ile amri umeiacha wapi?" Nilicheka, lakini swali lake lilinikaa moyoni, na nitalirudia. Swali jingine lililonikaa zaidi aliliuliza Koko wetu, yule mama wa Uvira ambaye watoto wote wa kanisa wanamwita bibi. Kwa sababu ya swali hilo nimeandika haya.

Sanamu tuliyoifuata haiko bustanini. Iko chini ya ardhi, pale T-Centralen, mahali ambapo wengi wetu tunapita mara kumi kwa wiki tukiwa na simu mkono mmoja na mfuko wa chakula mkono mwingine. Ni nguzo ya zege. Waswidi wanaiita Kvinnopelaren, yaani nguzo ya wanawake. Aliichonga Siri Derkert mwishoni mwa miaka ya 1950, stesheni ilipokuwa bado mpya. Humo ameweka wanawake waliopigania haki zao katika nchi hii, pamoja na wale ambao hakuna aliyeandika majina yao. Mimi nimeishi Swidi tangu 2009, na nilikuwa nimeipita nguzo hiyo kwa miaka mingi bila kujua kuwa ni sanamu. Nilidhani ukuta umechakaa.

Kutoka hapo tulichukua treni ya chini, laini nyekundu, kituo kimoja tu mpaka Östermalmstorg. Huko Derkert alipewa kuta nzima za stesheni, iliyofunguliwa mwaka 1965. Alizaliwa 1888, kwa hiyo kazi hiyo ya mchanga na zege aliifanya akiwa na zaidi ya miaka 75, umri ambao hapa mtu anatafutiwa nafasi kwenye makao ya wazee. Michoro yake imechimbwa ndani ya zege kwa mistari myembamba, kama mtoto anavyochora kwa kijiti kwenye udongo uliolowa. Utamwona mwandishi Elin Wägner, utamwona Virginia Woolf, utaona watu wanaocheza, na neno la amani katika lugha mbalimbali. Hakuna farasi wala upanga. Hakuna jenerali anayeonyesha kidole kuelekea Urusi, kama yule mfalme wa shaba pale Kungsträdgården. Mama mmoja akasema, "Mbona hawakumaliza?" Nadhani hilo ndilo Derkert alitaka tuulize.

Tukatoka juu, tukatembea mpaka Humlegården, alipo Fredrika Bremer wa shaba, kazi ya mchongaji mwanamke Sigrid Fridman, iliyozinduliwa 1927. Tukala maandazi yetu pale kwenye nyasi. Niliwasimulia kidogo habari za Bremer. Alikuwa mwandishi, akasafiri Marekani 1849 mpaka 1851, akaona watumwa wakiuzwa, akaandika alichokiona. Kitabu chake Hertha cha 1856 kilizungumzia jinsi binti asiyeolewa alivyokuwa kama mtoto mbele ya sheria hata akiwa na mvi. Alikufa 1865. Wanawake wa Swidi walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza Septemba 1921, miaka 56 baada ya yeye kuzikwa.

Hapo ndipo Koko alipouliza. Alikuwa kimya muda wote, shali yake imefunika mabega. Akasema: "Mwanangu, hawa wanawake, walipokuwa wanasumbuka hivyo, walituwaza sisi?"

Kila mtu akanitazama. Mimi ni muuguzi, nimefundishwa kutomdanganya mgonjwa anayeuliza waziwazi. Nikamjibu: "Hapana, Koko. Hawakutuwaza."

Na kweli hawakutuwaza. Chama kikubwa cha kudai haki ya kura kwa wanawake wa Swidi kiliundwa mwaka 1903. Kiliongozwa na walimu, madaktari, wake za maprofesa. Signe Bergman, waliyemwita jenerali wa kura, alikuwa mfanyakazi wa benki. Walikusanya saini 351,454 za wanawake, katika nchi ambayo watu wote hawakufika milioni sita, wakazipeleka bungeni 1914. Kuna picha mashuhuri ya Elin Wägner amesimama kando ya rundo la vitabu vya saini hizo, rundo limempita urefu. Nani katika saini hizo alimfikiria mama wa Uvira, wa Bujumbura au wa Tanga kwamba siku moja atakaa Jakobsberg na kuletewa kadi ya kura mlangoni? Hakuna.

Tena hata maskini wao wenyewe hawakuwabeba wote. Sheria ilipopita, mtu aliyekuwa anaishi kwa msaada wa maskini wa kommun hakuruhusiwa kupiga kura, mwanamume wala mwanamke. Kizuizi hicho kiliondolewa 1945. Na yule ambaye mahakama ilimtangaza kuwa hawezi kujisimamia, mara nyingi mtu mwenye ulemavu wa akili, alisubiri mpaka 1989. Mwaka huo mimi nilikuwa tayari nasoma shule ya msingi. Mfuaji nguo aliyezeeka, akavunjika mgongo, akaomba msaada, alizitazama sherehe za 1921 akiwa dirishani.

Mambo haya yako kwingine pia. Katika jengo la Bunge la Marekani kuna sanamu ya marumaru ya wanawake watatu, Lucretia Mott, Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, kazi ya Adelaide Johnson. Ilipokelewa kwa heshima Februari 1921 katika ukumbi mkuu, kisha bila kuchelewa ikashushwa chini kwenye sakafu ya chini ya jengo. Ilikaa huko mpaka 1997. Nyuma ya wale watatu kuna bonge la jiwe ambalo halikuchongwa, limeachwa likiwa gumu na chafu, na watu wengi husema nafasi hiyo ni ya wanawake wengine watakaokuja. Wanawake weusi wa Marekani walipotaka Sojourner Truth, aliyezaliwa utumwani, atoke katika jiwe hilo, haikuwezekana. Yeye akapewa sanamu yake peke yake katika jengo hilo, 2009. Na huyo Stanton, ambaye alikuwa jasiri kweli, aliposikia kwamba wanaume weusi watapata kura kabla ya wanawake weupe, alisema maneno ya dharau juu yao ambayo siwezi kuyaandika katika ukurasa wa kanisa.

Kwa hiyo swali la Koko lina meno. Kama mtu hakuniwaza, na pengine angeniona angenidharau, nina deni gani kwake? Kwa nini nisimame mbele ya jiwe lake? Mama mwingine, kijana, mwenye watoto watatu hapa shuleni, alisema wazi pale kwenye nyasi: "Hizi ni sanamu za wazungu. Sisi historia yetu iko kwingine."

Nilimwelewa. Lakini nilipokuwa najaribu kumjibu, nilijikuta nawakumbuka mabinti watano wa Selofehadi, katika kitabu cha Hesabu sura ya 27. Wametajwa kwa majina yao yote matano, jambo ambalo Biblia haiwafanyii mabinti mara nyingi. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Kwa desturi, jina lake lilikuwa linapotea na ardhi yake inakwenda kwa wengine. Wakatoka hemani kwao, wakaenda mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakadai. Musa hakuwa na jibu. Napenda sana kwamba hakujifanya analo. Akalipeleka jambo kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti hao wamenena vema.

Ukisoma vizuri utaona kwamba mabinti wale hawakudai haki za wanawake wote. Walidai shamba la baba yao. Hawakumtaja jirani, wala mjakazi, wala mgeni. Lakini hukumu iliyotoka haikuandikwa kwa ajili yao watano tu: iliandikwa kuwa sheria kwa kila mtu atakayekufa bila mtoto wa kiume katika Israeli. Walidai la kwao, likawa la watu wasiowajua. Na sura ya 36 wanaume wa ukoo wakarudi kwa Musa, wakaomba sheria ibanwe kidogo, mabinti waolewe ndani ya kabila lao tu. Ikabanwa. Kumbe hata zamani haki ilikuwa inatoka mlangoni ikiwa nzima, na kufika sokoni imepunguzwa.

Kwa hiyo nilimwambia yule dada kijana hivi: mpanda mwembe hakuulizi jina lako. Pengine alipanda apate kivuli chake na wanawe, pengine hata aliweka miiba kuwazuia watoto wa jirani. Mwembe umezaa, miiba imeoza. Ukila embe hulazimiki kusema aliyepanda alikuwa mtakatifu. Lakini ukisema mwembe ulijiotea wenyewe, hapo umesema uongo.

Akanijibu papo hapo: "Na wale waliochomwa na ile miiba?" Sikuwa na la kusema. Bado ninalifikiria.

Wapendwa, historia yetu iko kwingine kama alivyosema, na ni vizuri tuijue. Kwetu Tanganyika, katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kura ilikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo, na kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba pale Dar es Salaam, ndiye aliyeingia nyumba hadi nyumba na ngoma hadi ngoma tangu 1955, akawatoa wanawake wenzake waingie TANU. Hakuwa na shahada. Alikuwa na sauti. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Nimeipita mara nyingi nikiwa kwenye daladala, na sikumbuki hata siku moja abiria amesema ni nani. Zanzibar, wanawake hawakupiga kura 1957, walipiga 1961. Kenya, wanawake wa kizungu walipewa kura 1919, na mama Mkikuyu au Mluo aliyewafulia nguo hakupata kitu. Na Kongo, katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, ule uliotangulia uhuru, walipiga kura wanaume tu. Wanawake wa Kongo walisubiri mpaka 1967. Niliposema hili, mama zetu wa Kivu wawili hawakuamini. Koko peke yake alitikisa kichwa kukubali. Nitasema kwa nini.

Sasa nirudi kwa mzee wetu na amri yake. Sidhani alikosea kuuliza. Biblia inajua aina mbili za jiwe. Yoshua aliwaambia watu watoe mawe kumi na mawili katikati ya Yordani, wayasimamishe, ili watoto wakiuliza maana yake waelezwe. Jiwe hilo kazi yake ni kumfanya mtoto aulize. Halafu kuna nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu mwenyewe, na waliomtazama walipona. Miaka mingi baadaye watu wakawa wanamfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Kosa halikuwa kwa nyoka. Watu walikuwa wamebaki na shaba wakasahau jangwa.

Naona hatari hiyo kwa sanamu hizi pia, na simsemi mtu wa nje. Tarehe 8 mwezi wa tatu kila mwaka kazini tunapewa keki, tunapigwa picha, kuna ua. Mwezi unaofuata zamu zinapangwa vilevile. Sisi wauguzi tuna mfano wetu wa karibu. Kati ya wanawake watano wa kwanza walioingia bunge la Swidi 1922 alikuwemo muuguzi, Bertha Wellin. Wenzake walikuwa Kerstin Hesselgren, Elisabeth Tamm, Nelly Thüring aliyekuwa mpiga picha, na Agda Östlund mshonaji. Watano, kama mabinti wa Selofehadi! Wellin alikuwa mwenyekiti wa chama cha wauguzi kwa karibu miaka ishirini. Niliposoma habari zake mara ya kwanza nilifurahi kama nimempata shangazi. Kisha nikasoma kwamba alikuwa mhafidhina, na kwamba chama chake hakikutaka wauguzi waingizwe katika sheria ya kufanya kazi saa nane kwa siku, kwa sababu uuguzi ni wito na wito haupimwi kwa saa. Nilikaa na gazeti mkononi baada ya zamu ya usiku ya saa kumi, miguu imevimba, nikasema, ah, shangazi, hapo umeniangusha. Hata hivyo namheshimu. Ningetengeneza sanamu yake ningemweka akiwa amesimama, asipate kiti.

Sasa nieleze jambo ambalo sijalisema kanisani.

Mwaka 2014 nilikuwa nafanya kazi katika makao ya wazee wakati nasubiri cheti changu cha uuguzi kikubaliwe hapa. Kabla ya siku ya uchaguzi, wapokea kura walikuja palepale, maana sheria ya hapa inaruhusu, asiyeweza kufika kituoni anafuatwa. Kulikuwa na bibi mmoja wa miaka 94. Asubuhi hiyo alikataa gauni la kila siku. Alitaka la bluu, lulu, na kiatu cha ngozi ambacho mguu wake haukuingia vizuri. Ilituchukua karibu saa nzima, na mimi nilikuwa na wagonjwa wengine wanasubiri, nikawa na haraka moyoni. Mikono yake ilitetemeka. Nilipomfikisha mezani nilibaki nimesimama karibu naye, kama ninavyosimama anapokula. Akanitazama, akasema kwa upole lakini bila mzaha: "Geuka, mpendwa." Nikageuka. Mtu ambaye mimi nilimwogesha, niliyejua kila kidonda cha mwili wake, alikuwa na jambo moja ambalo sikuruhusiwa kuliona.

Tuliporudi chumbani aliniambia kwamba mama yake alimbeba akiwa mtoto mchanga siku ile ya 1921. Kisha akauliza, "Na wewe, umeshapiga?"

Nilikuwa na haki. Tangu 1976 nchi hii inamruhusu mgeni asiye na uraia kupiga kura ya kommun na ya region, akishaandikishwa hapa miaka mitatu mfululizo. Kadi yangu ilikuwa imekuja. Nilikuwa nimeitupa pamoja na matangazo ya pizza, nikidhani ni karatasi za Waswidi. Nilimjibu bibi yule kwamba nitapiga. Nilidanganya. Sikwenda kuuliza kama ningeweza kupata kadi nyingine, ingawa inawezekana, na ni rahisi. Alifariki kabla ya Krismasi, na mimi ndiye niliyemvika lile gauni la bluu.

Tangu hapo sipiti uchaguzi. Lakini sitaki kumwambia mtu kwamba asiyepiga kura ametenda dhambi. Nawajua ndugu wacha Mungu wanaojiona wapitaji tu katika dunia hii, na dhamiri zao ni safi. Mimi nawakumbusha tu kwamba Paulo, aliyeandika kuwa wenyeji wetu uko mbinguni, alipofungwa ili apigwe mijeledi aliuliza mara moja kama ni halali kumpiga Mrumi. Alijua karatasi yake ina kazi gani. Na Yeremia aliwaandikia wahamishwa wa Babeli wautakie amani mji waliohamishiwa. Huo mji haukuwa wao, na wenye mji hawakuwawaza.

Lililo gumu zaidi ni jingine, nalo nimelisikia katika nyumba zetu wenyewe. Kuna nyumba ambamo baba anakusanya kadi zote, anajaza bahasha zote, mama anabeba tu. Nilipomuuliza dada mmoja, alisema, "Si sisi ni kitu kimoja?" Kauli hiyo ni ya zamani sana hapa Swidi. Tangu 1862 mjane na mwanamke asiyeolewa, kama alilipa kodi, aliruhusiwa kupiga kura ya kommun. Aliyeolewa hakuruhusiwa, kwa sababu mume wake alihesabiwa kuwa sauti yake. Yaani mwanamke alipata sauti mume akifa! Mpaka sheria mpya ya ndoa ilipoanza 1921, mke alikuwa chini ya ulinzi wa mume kama mtoto. Selma Lagerlöf aliposimama mbele ya mkutano wa kimataifa wa wanawake hapa Stockholm mwaka 1911 hakuutukana unyumba. Alisema wanawake ndio waliojenga nyumba, wanaume wakajenga dola, na dola ile haijawa makao mema kwa wote. Basi waijenge pamoja. Mimi naona hoja hiyo ingepita vizuri hata katika mahubiri.

Mume ni kichwa cha nyumba. Sitafuti ugomvi na mtu juu ya Waefeso 5. Ila nyuma ya kile kiambaza cha kupigia kura watu huingia mmoja mmoja. Mungu naye, tunaamini, atatuita mmoja mmoja. Baba wa nyumba anayempenda mkewe kama nafsi yake anaweza kuongea naye mezani mwezi mzima, wakabishana, wakacheka. Lakini mlangoni ageuke, kama nilivyoambiwa mimi nigeuke.

Baadhi ya mama waliniomba niwaambie chama cha kuchagua. Sisemi, na mchungaji naye hasemi. Ninachoweza kueleza ni karatasi. Ya njano ni ya bunge, hiyo ni ya raia. Nyeupe ni ya kommun: shule za watoto wetu, SFI, huduma za wazee. Ya bluu ni ya region: hospitali, na hiyo pendeltåg mnayoilalamikia kila Jumapili mkichelewa ibada. Uchaguzi ni tarehe 13 Septemba, siku ya Jumapili, na mnaweza kupiga mapema kabla ya siku hiyo.

Tulirudi kupitia T-Centralen. Koko aliomba tuone tena ile nguzo. Watu walikuwa wengi, wengine walitusukuma. Akavua glovu, akaweka kiganja kwenye zege.

"Ni baridi," alisema.

Kisha akatusimulia, palepale, kelele za treni zikipita. Alikuwa na miaka tisa, 1960. Baba yake alivaa shati jeupe akaenda kupiga kura, akarudi jioni na furaha, akaingia uani akasema, "Tumepiga kura!" Mama yake alikuwa anatwanga. Akasimamisha mchi, akauliza, "Tumempigia nani?" Baba akacheka, watoto wote wakacheka. Mama hakucheka, akaendelea kutwanga.

Tulimsindikiza kwenye ngazi za umeme. Njiani akaniuliza kama ile karatasi nyeupe na ya bluu zinachukuliwa pamoja au siku mbili tofauti. Nikamwambia pamoja. Akauliza kama mtu anaruhusiwa kuingia na miwani. Nikamwambia anaruhusiwa. Treni ya Bålsta ilikuwa inaingia.